Gari Linapolia Kwenye Kona

Mwenye gari akisikia mlio kwenye kona hukimbilia swali la spea: kifaa gani kimekufa, na kinauzwa bei gani? Swali hilo huja mapema mno. Kabla boliti hata moja haijafunguliwa, mlio wenyewe umeshasema mengi. Unatoka kushoto au kulia? Unakuja gari likiwa limesimama, au mpaka litembee? Unapanda na mzunguko wa injini, au na mwendo wa magurudumu? Anayejibu maswali hayo kwa makini amekwisha kupunguza washukiwa, na ameokoa fedha ambazo zingekwenda kwenye kifaa kizima.

Chukua ule mlio wa ka-ka-ka unaosikika gari likigeuka taratibu, usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama zilivyo Vitz nyingi za mijini, gurudumu lile lile linavuta gari na papo hapo linageuka. Kiungo kinachowezesha hayo, ambacho mafundi hukiita siivii jointi, kwa kawaida hufuata ubunifu wa mhandisi Alfred Rzeppa wa miaka ya 1920: gololi sita za chuma zinazotembea kwenye vijia vilivyochongwa, ndani ya grisi, na nje mpira wenye mikunjo unaofunika vyote. Mpira huo ndio mlinzi. Ukichanika, grisi inarushwa nje kila gurudumu linapozunguka, mchanga na maji vinaingia, na grisi iliyosalia inageuka msasa. Vijia vinaliwa, gololi zinapata nafasi ya kucheza, na kila moja inapopita mahali palipoliwa inagonga. Ndiyo maana mlio huzidi ukikanyaga mafuta kwenye kona, kisha hupungua au kunyamaza barabara ikinyooka. Kunja usukani, zima gari, uchuchumae kando ya gurudumu: mara nyingi utaona grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa rimu. Mpira ukikutwa umechanika lakini kiungo hakijaanza kugonga, yaweza kutosha kukisafisha, kukijaza grisi mpya ya aina yake na kukivisha mpira mwingine. Kikishaanza kugonga, hakuna grisi itakayorudisha chuma kilicholiwa; kibadilishwe.

Mvumo wa beringi ni kitu kingine kabisa. Hausubiri usukani ukunjwe hadi mwisho. Hukua na mwendo, na hubadilika gari linapoelemea upande mmoja. Gari likikata kushoto, uzito huhamia magurudumu ya kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia. Usukani wa hidroliki nao huguna hasa wakati wa kuegesha, na mguno hupanda injini ikipandishwa: mara nyingi mafuta yake yamepungua na pampu inavuta hewa. Kuyaongeza bila kutafuta yanakovujia ni kuahirisha gharama, na kuweka mafuta ya breki humo, eti kwa sababu ndiyo yaliyopo, ni kuharibu sili. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi hata kwenye kifuniko. Si kila mlio ni ugonjwa, hata hivyo: tairi pana kuliko la kiwandani huweza kukwaruza ndani ya madigadi usukani ukifika mwisho.

Wapo watakaosema kwamba sikio hudanganya, na wana haki. Chuma husafirisha sauti. Kinachogonga kushoto huweza kusikika kama kiko chini ya miguu ya dereva. Lakini hoja hiyo inataka uchunguzi uendelee, haihalalishi kubahatisha. Sikio likishataja eneo, mkono unathibitisha. Gari liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara, kisha gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi au bolijointi inashukiwa. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, itazamwe tairodi, fimbo inayopeleka mgeuko wa usukani kwenye gurudumu. Wengine huamini kompyuta ya gereji itamaliza yote. Kompyuta husoma vihisi vya umeme, na bolijointi iliyolegea haina kihisi; inaweza kuwa karibu kuchomoka na taa ya dashibodi isiwake.

Hoja nzito zaidi ni ya mfukoni: gari bado linatembea, acha mwisho wa mwezi ufike. Kwa mpira mkavu wa bushi unaokereza kwenye matuta, mtu anaweza kusubiri kidogo. Kwa bolijointi, hapana. Ndiyo inayoshikilia gurudumu kwenye mkono wa chini wa sasipensheni, na ikichomoka gurudumu hulala, usukani haufanyi kazi tena, na hilo laweza kutokea katikati ya kona yenye gari lingine mbele. Fundi akikuta bolijointi au tairodi imelegea, gari lisirudi barabarani hadi itengenezwe, na baada ya kubadilisha tairodi alaimenti ipimwe, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Nawe mwenye gari, kabla ya kutoa fedha ya spea, mwombe fundi akushikishe kwa mkono wako kile kinachocheza.