Pikapu ya kuvuta tela: Dizeli au petroli?

MFANYABIASHARA anayepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvuta tela hadi Iringa mjini hana haja ya kufundishwa maana ya nguvu ya injini. Akianza kupanda Mlima Kitonga anaisikia mwenyewe: gari linalia, mshale wa joto unapanda na gia zinarudi chini. Swali lake ni moja, anunue pikapu ya dizeli au ya petroli?

Wengi hujibu haraka kwamba dizeli ndiyo ya kazi. Ni kweli, lakini si kwa kila mfuko.

Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake huitumia nishati hiyo vizuri zaidi. Aidha, hutoa nguvu ya kuvuta ikiwa inazunguka taratibu. Kwa mfano, Toyota Hilux ya petroli ya lita 2.7 hufikia kilele cha nyutonimita 245 injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Ya dizeli ya lita 2.4 inaweza kutoa nyutonimita 400 kwenye mizunguko 1,600 hadi 2,000. Ndiyo maana mlimani ya petroli hulazimika kulia sana, na kunywa sana.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme pikapu ya dizeli inauzwa Sh6,000,000 zaidi ya ile ya petroli, na mafuta yote mawili ni Sh3,000 kwa lita. Ikivuta tela lenye mzigo, ya petroli inatumia lita 20 kwa kilomita 100 na ya dizeli lita 14. Utaokoa lita sita, yaani Sh18,000, kwa kila kilomita 100.

Gawanya Sh6,000,000 kwa Sh18,000. Utaona kwamba unahitaji takriban kilomita 33,300 ili kurudisha fedha uliyoongeza. Mchuuzi anayevuta mzigo kilomita 40,000 kwa mwaka atairudisha kwa miezi 10. Mkulima anayetembea kilomita 10,000 atasubiri zaidi ya miaka mitatu. Kama safari zake nyingi ni bila tela, atasubiri zaidi, kwani gari tupu huokoa lita chache.

Bei ya mafuta nayo hubadili hesabu. Dizeli ikipanda hadi Sh3,300 na petroli ikabaki palepale, kilomita zinazohitajika zinafika 43,500 hivi. Kwa hiyo fuatilia bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi, usitumie bei ya mwaka jana.

Usisahau gereji. Plagi za petroli ni nafuu, lakini nozeli, pampu na turbo za dizeli za kisasa ni ghali na hazivumilii maji wala uchafu. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Hata hivyo, nunua mafuta kwenye kituo unachokiamini, badilisha filta kwa wakati na mwaga maji yanayojikusanya humo. Nozeli zikiharibika, akiba ya miezi kadhaa inaweza kuondoka kwa siku moja.

Kwa gari lililotumika, mpeleke fundi alikague kabla hujalipa. Soma pia kitabu cha gari ujue uzito wa tela unaoruhusiwa. Injini yenye nguvu haiondoi haja ya breki nzuri, hasa wakati wa kuteremka.

Kwa kifupi, anayevuta mzigo kila wiki na kupanda milima achukue dizeli. Anayevuta wakati wa mavuno tu, kwa safari fupi, petroli inamtosha, na fedha inayobaki anunulie mbolea. Kabla ya kuamua, andika safari zako za mwezi mmoja: kilomita ngapi ukiwa na mzigo, na ngapi bila mzigo. Mali bila daftari hupotea bila habari.