Uraibu Miongoni mwa Wanafunzi wa Vyuo: Kuutambua na Kujinasua, Lodwar na Kakuma

Kamusi za zamani za Kiswahili hulihusisha neno "uraibu" na tambuu, yaani jani, popoo, chokaa na tumbaku vilivyotafunwa barazani kwa starehe. Leo neno hilo limepanuka likawa istilahi ya ugonjwa: hali ya mtu kushindwa kuacha kitu kinachomdhuru. Upanuzi huu una manufaa yake. "Mlevi" na "teja" ni majina ya kulaumu, na anayeitwa hivyo hujificha. "Mraibu" anaweza kuulizwa anaumwa nini. Makala haya yanaitazama hali hiyo katika Kaunti ya Turkana, hususan Lodwar na Kakuma.

Lodwar ilipata Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana mwaka 2017, chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi, ina kambi ya wakimbizi tangu 1992, na baadhi ya vijana waliokulia humo wamefika vyuoni. Vileo havitafutwi mbali. Busaa hupikwa kwa unga wa nafaka, na chang'aa huchemshwa na kukingwa mvuke wake. Kwa wanawake wengi wapikaji, mtungi huo ndio karo na chakula cha watoto, jambo ambalo anayeihubiria pombe kufa hana budi kulikumbuka. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Sheria ya 2010 iliiruhusu kwa sharti la kutiwa chupani na kuwekewa onyo. Ile ya uchochoroni haitimizi sharti hilo, wala mnywaji hajui kama ina methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Miraa nayo ni zao halali, na hutafunwa bila aibu, hasa katika mikesha ya kujiandaa kwa mitihani.

Kwa hiyo uraibu hautambuliwi kwa kumtazama aliyeanguka njiani. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, unataja alama tatu, na mbili kati yake zikidumu hutosha kuuthibitisha. Mtu hupoteza udhibiti: aliyeazimia kikombe kimoja huondoka mtungi ukiwa mtupu. Kileo hutangulia mengine yote: fedha za mkopo zikiingia, deni la mama pima hulipwa kabla ya kodi ya chumba. Kisha mwili huzoea: kiasi cha jana hakitoshi leo, na asubuhi bila kinywaji mikono hutetemeka. Mtafunaji wa miraa huenda asitetemeke. Yeye hukosa usingizi na hamu ya chakula, na akiiacha hulegea na kusononeka. Mwanafunzi mwenye alama hizi aweza kuwa bado anafaulu. Hapo ndipo marafiki hukosea zaidi, kwani husubiri afeli ndipo waamini.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni "acha leo". Kwa miraa au tumbaku, waweza kufaa. Kwa anayekunywa sana kila siku, waweza kumwua. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huweza kupatwa na degedege katika siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwapo. Mtu huyo huachishwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Lodwar mjini, na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na mihadarati, ina nambari ya simu isiyolipiwa, 1192.

Kuusafisha mwili ni kazi ya siku chache. Kilichompeleka mtu mtungini huchukua muda mrefu zaidi. Kijana anayekunywa ili asiote vita alivyovikimbia hatasaidiwa kwa kunyimwa kikombe tu, bali kwa ushauri nasaha unaoigusa ndoto yenyewe. Akiteleza baada ya miezi mitatu, matibabu hurekebishwa, kama yanavyorekebishwa ya mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda tena.

Rafiki wa chumba kimoja ndiye huona mapema kuliko mhadhiri. Azungumze naye akiwa hajalewa, faraghani, na ataje alichokiona badala ya kumpa jina: "Umekosa vipindi vitatu wiki hii, na jana usiku ulitetemeka. Twende hospitalini, nitakusindikiza."