Nyumba Pacha za Gumegume na Matofali

Leo tutazame nyumba za zamani za Uingereza, hasa za vijiji vya Norfolk na Sussex. Huko ziko nyumba zilizojengwa mbili mbili, kama pacha. Ukuta wa katikati ni mmoja, na mara nyingi hata dohani ya kutolea moshi ni moja.

Kuta zake ni za mawe ya gumegume. Gumegume ni jiwe gumu sana. Ndilo lililotoa cheche katika bunduki za zamani. Sehemu hizo lipo tele mashambani. Wanakijiji waliokota, wakajengea.

Lakini jiwe hili lina shida mbili. Kwanza, halina umbo zuri. Ni vibonge tu, kama viazi. Ukilijengea kona, kona haisimami. Basi mafundi waliweka matofali ya kuchoma kwenye kona, na kuzunguka milango na madirisha. Tena walipitisha mistari ya matofali katikati ya mawe, ili kuufunga ukuta usipasuke.

Pili, gumegume halinywi maji. Mawe hayo yalishikizwa kwa chokaa na mchanga. Tofali hunyonya maji ya chokaa, likashika mapema. Gumegume halinyonyi, na chokaa hukauka polepole. Fundi akipandisha ukuta haraka, unavimba na kuanguka. Kwa hiyo walijenga kimo kifupi, wakangoja, ndipo wakaendelea.

Sasa je, adui wa nyumba hizi ni nani? Ni saruji. Katika karne ya 20 watu wengi walizikarabati kwa saruji, wakidhani kigumu ndicho bora. Kumbe saruji hufungia maji ndani ya ukuta. Wakati wa baridi kali maji hayo huwa barafu, yakatanuka, na matofali yakapasuka. Chokaa ni laini, huacha maji yatoke. Ikichakaa, unaweka nyingine, na tofali linabaki zima.

Sheria ya mwaka 1947 ilianzisha orodha ya majengo ya kulindwa. Nyumba iliyo katika orodha haibadilishwi wala kubomolewa bila kibali.

Nasi tunazo nyumba za matumbawe na chokaa huko Zanzibar na Lamu. Saruji huziletea unyevu vilevile. Tukumbuke: kabla ya kukarabati ukuta wa zamani, tuulize kwanza ulijengwa kwa kitu gani.