Rekebisha Vipande Kabla ya Kuviunga

Kila mwaka wa shufwa, imbalu, sherehe ya tohara ya Wamasaba, inapozinduliwa katika uwanja wa Mutoto, Mbale nchini Uganda, ngoma za kadodi hurekodiwa kwa simu kutoka kila upande. Vipande hivyo vikiungwa kuwa filamu ya saa nzima, lalamiko ni lilelile: mwanzoni mkono wa mpigaji na mlio wa ngoma vinakwenda pamoja, lakini kufikia katikati mlio unasikika wakati mkono umeshainuka. Mafundi wengi huilaumu programu ya kuhariri, kisha huisogeza sauti yote mpaka pale wanapopatazama pakae sawa. Tiba hiyo hufaa tu kama kosa ni la kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa linalokua halianzii kwenye maungio. Limo ndani ya kila kipande tangu kiliporekodiwa, na kuunga hulijumlisha.

Simu huahidi fremu 30 kwa sekunde, lakini jua likishazama simu nyingi huipa kila fremu muda mrefu zaidi wa kunasa mwanga, na idadi hushuka hadi 24 au chini ya hapo. Sauti haina habari na giza, huendelea kupimwa mara 48,000 kila sekunde. Kila fremu huhifadhiwa na alama ya wakati wake, na ndiyo maana kipande kikichezwa peke yake huonekana hakina kasoro. Programu inayopuuza alama hizo na kupanga fremu kwa hatua sawa ndiyo inayoitenga picha na sauti. Haihitaji tofauti kubwa: fremu 29.97 zikihesabiwa kuwa 30, pengo hufika sekunde 3.6 kwa saa moja. Hata kasi isipobadilika, sauti iliyobanwa kwa muundo wa AAC hufungwa kwa mafungu ya sampuli 1,024, takriban milisekunde 21 kila fungu, ilhali fremu moja kati ya 25 za sekunde huchukua milisekunde 40. Kwa hiyo ni nadra sauti na picha za kipande kimoja kuishia pamoja. Chukua vipande 30, kila kimoja sauti yake ikipungua milisekunde 20, upange sauti nyuma ya sauti na picha nyuma ya picha: mwishoni umepotoka kwa milisekunde 600.

Dawa, basi, ni kukisawazisha kila kipande kabla ya kukiunga. MediaInfo huonyesha kama kasi ya fremu inabadilika. FFmpeg, ambayo ni ya bure, hugeuza kila kipande kiwe na kasi moja isiyoyumba na sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, na huongeza kimya pale sauti inapoisha kabla ya picha. Watu watasema kazi hiyo inakula muda, umeme na ubora wa picha. Ni kweli, na kwa fundi anayetegemea umeme unaokatika gharama hiyo si ndogo. Lakini vipande vya kamera moja, vyenye mipangilio ile ile na kasi thabiti, havihitaji kugeuzwa picha, sauti pekee ndiyo husawazishwa. Na vinavyohitaji, vikigeuzwa mara moja kwa kiwango cha juu, jicho halitaona tofauti.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watazamaji wa Uganda wamezoea filamu zinazosimuliwa na VJ, yaani mtu anayetafsiri kwa kusema juu ya filamu, ambamo mdomo na sauti havikutani kamwe, hivyo hawatajali. Lakini mtazamaji wa VJ anajua sauti si ya mwigizaji. Bigwala, muziki wa mabaragumu ya vibuyu wa Busoga, ulioingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ni jambo jingine. Kila baragumu la kibuyu hutoa noti moja tu, na wimbo huzaliwa kwa wapulizaji kupokezana. Sauti ikichelewa, unaona mashavu ya huyu yakijaa huku noti ya yule ikilia. Kijana wa Jinja anayejifunza kutoka kwenye video hiyo atajifunza zamu isiyo sahihi. Huo ni upotoshaji wa kumbukumbu, na kwa sanaa iliyo hatarini siuoni kuwa jambo dogo.

Hata hivyo si kila ucheleweshaji ni kosa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ngoma iliyo mita 34 kutoka kwa simu husikika sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kuonekana. Sikio limezoea hivyo: vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vya mwaka 1998 vinaonyesha mtu huanza kugundua sauti iliyotangulia kwa milisekunde 45, lakini iliyochelewa mpaka ifike 125. Ukiwa na shaka, afadhali sauti ibaki nyuma kidogo.

Kama vipande vya awali vimeshafutwa, likate faili kwenye kila ungio, uisogeze sauti ya kila sehemu kwa kipimo chake, na pengo likikua ndani ya sehemu moja, uinyooshe sauti bila kubadili kimo chake. Ni kazi ya siku nzima. Ni rahisi zaidi kumwomba mwenye simu faili lake asilia kwa waya au kadi ya kumbukumbu, wala si kwa WhatsApp, kabla hajalifuta kupata nafasi.