Unachora vibonzo vya bidhaa? Soma hii kabla hujatuma faili

KUNA siku utapanda matatu asubuhi, macho bado yana usingizi, halafu ukutane na mchoro wako mwenyewe umekaa kiti cha mbele.

Mimi ilinipata. Mtoto wa shule alikuwa amepakatwa na mamake, amekumbatia begi jipya. Kwa hilo begi kulikuwa na twiga mwenye miwani, skafu nyekundu shingoni, jino moja limetokeza nje. Nilimjua yule twiga, manze. Lile jino niliongeza saa nane usiku, stima zikipotea na kurudi, baada ya mteja kulalamika kwamba twiga wa kwanza alikuwa "amekauka". Nilimuuza Sh6,000 akapambe pakiti za unga wa uji. Pesa ikaingia kwa M-Pesa, nikalipa nyumba, nikasahau.

Sasa alikuwa ametoka kwa pakiti na kuingia kwa mabegi, chupa za maji na visanduku vya chakula. Nikampigia mteja simu. Alikuwa mpole sana. "Si tulikulipa, kijana wangu?"

Nilitaka kupiga nduru mtandaoni, lakini nikaamua kusoma sheria kwanza. Nikapata mteja yuko sawa. Aliyelala ni mimi. Nakuandikia haya ndiposa wewe usilale.

Kazi yenyewe ni gani?

Nikwambie mapema, mimi sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda mathe, nikajifunzia kazi kwa kibanda cha kuchapisha fulana pale River Road. Kwa hivyo nitakueleza vile nilivyoijua, kwa mikono.

Kibonzo kikishapendwa na watu hakikai tena kwa runinga au gazeti. Mwenye kibonzo humpa mtengenezaji wa bidhaa leseni, yaani ruhusa ya kumweka mhusika kwenye vikombe, mabegi, shuka na viatu. Mtengenezaji naye humlipa mrabaha, asilimia fulani ya mauzo. Hapo katikati anatakiwa mtu wa kumtoa mhusika kwa skrini na kumkalisha vizuri kwa kikombe. Huyo mtu ni mimi na wewe.

Si mambo ya jana. Mwaka wa 1932 Walt Disney alimpa mtu wa matangazo aliyeitwa Kay Kamen kazi ya kusimamia leseni za Mickey Mouse. Mwaka uliofuata, saa za mkono zenye Mickey, zilizotengenezwa na Ingersoll, zikaingia sokoni. Wazee hao waliona mapema kwamba filamu huisha na watu wakaenda nyumbani, lakini saa mtu huivaa kila siku.

Ukipata kazi ya mhusika wa leseni, kitu cha kwanza utakabidhiwa ni mwongozo wa mtindo. Humo utapata vile mhusika anavyoonekana mbele, ubavuni na nyuma, rangi zake kwa nambari, na mambo asiyoruhusiwa kufanya. Masikio ya Mickey hubaki duara hata akigeuza kichwa. Hello Kitty hachorwi mdomo, na utepe wake hukaa sikio lake la kushoto. Ukiuhamisha kulia umemchora pacha wake, Mimmy. Ile staili yako ya kujivunia utaiacha mlangoni. Hapa unalipwa kwa kujizuia.

Bidhaa nayo ina masharti yake. Fulana ikichapishwa kwa skrini, kila rangi inataka skrini yake, kwa hivyo ule mchoro wako wa rangi kumi utamfukuza mteja. Uzi wa kudarizi haushiki mistari myembamba. Kikombe kina mkono, ukiusahau mhusika atakatwa sikio. Begi lina zipu. Mara yangu ya kwanza niliipitisha katikati ya uso wa simba, ikawa kila ukifungua begi simba anapasuka pua. Hiyo sampuli bado ninayo kejani, imening'inia ukutani.

Ukimaliza, mchoro unaenda kwa mwenye haki aukubali. Akiukubali inatengenezwa sampuli, nayo inarudi kwake tena. Anaweza kukataa hatua yoyote kwa sababu ya kijani kilichokolea kidogo. Zoea kurudia kazi bila kununa.

"Lakini Mickey si amekuwa wa bure?"

Hili swali haliishi kwa vibanda. Jibu ni hili: Januari 1, 2024, hakimiliki ya filamu ya Steamboat Willie ya mwaka wa 1928 iliisha kule Marekani. Huyo ni Mickey mweusi na mweupe, asiye na glavu. Mickey wa kisasa unayemwona kwa fulana bado analindwa, na pia ni alama ya biashara ya wenyewe.

Hapa Kenya tuna mamlaka nzima ya kukabiliana na bidhaa ghushi. Ukijaza duka mabegi ya wahusika wa watu bila leseni, jua unangoja tu siku ya mzigo kubebwa.

Nani anakula?

Mrabaha huenda kwa mwenye haki, na mara nyingi mwenye haki si yule aliyeshika kalamu.

Jerry Siegel na Joe Shuster ndio waliounda Superman. Mwaka wa 1938 waliuza haki zake kwa dola 130, wakagawana wawili. Superman akauza kila kitu duniani, wao wakaishia kuzunguka kortini. Mpaka 1975, baada ya kelele za umma, ndipo kampuni ilipokubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi. Hiyo ni miaka 37 baadaye.

Hello Kitty naye alichorwa mwaka wa 1974 na Yuko Shimizu, mfanyakazi wa kampuni ya Sanrio nchini Japani. Bidhaa ya kwanza ilikuwa kibeti kidogo cha sarafu. Shimizu aliondoka Sanrio mwaka wa 1976. Paka akabaki.

Sasa piga hesabu ya twiga wangu. Tuseme begi moja linatoka kwa Sh800 bei ya jumla, na mrabaha ni asilimia 5. Hiyo ni Sh40 kwa kila begi. Mabegi 150 tu yangenirudishia zile Sh6,000, na ya 151 ingekuwa faida. Usiniulize ni mabegi mangapi yameuzwa. Nimeacha kuhesabu nikiwa kwa barabara.

Sheria inasemaje?

Fungua Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kifungu cha 31. Mchoraji ndiye mwenye hakimiliki mwanzoni. Lakini kama kazi iliagizwa na mteja, au uliifanya ukiwa umeajiriwa, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri wako, isipokuwa kama mmekubaliana vingine.

Rudia hayo maneno ya mwisho. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, umeuza. Na ulichouza si kidogo: hakimiliki ya mchoro hapa kwetu hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hiyo ni pesa ya wajukuu uliyolipia nyumba ya mwezi mmoja.

Kwa hivyo, kabla hujatuma faili, fanya hivi.

Kwanza, andika. Hata kurasa mbili zinatosha, bora zitiwe saini. Sema wazi kwamba hakimiliki inabaki kwako, na mteja anaruhusiwa kumtumia mhusika kwa bidhaa fulani, nchi fulani, kwa muda fulani. Kama ni pakiti za unga, andika pakiti za unga. Begi likija, mnaongea upya.

Pili, kama mteja anataka kila kitu, mpe bei ya kila kitu. Si dhambi kuuza haki zote. Makosa ni kuziuza kwa bei ya pakiti.

Tatu, sajili. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kazi kupitia mtandao. Haki unayo hata bila kusajili, lakini siku ya ugomvi cheti hukusaidia kuthibitisha. Ukianza kuuza bidhaa zako mwenyewe, jina na sura ya mhusika unaweza kuvisajili kama alama ya biashara kule KIPI. Usajili huo ni wa miaka 10 na unahuishwa.

Nne, weka michoro yako ya kwanza, hata ile mibaya, pamoja na tarehe na mazungumzo ya WhatsApp.

Wateja wengine watakukimbia, nisikudanganye. Wa kwanza niliyemwonyesha mkataba aliniuliza, "Kwani wewe ni nani?" Akaenda kwa kijana mwingine. Wa pili ni mama mmoja anayeoka mikate mtaani. Alisoma kurasa zote mbili palepale akiwa na unga mikononi, akauliza maswali matatu, akatia saini. Alinilipa Sh4,000, chini ya pesa ya twiga, kwa kiboko anayekaa kwa pakiti za mkate pekee, mwaka mmoja.

Juzi amenitumia ujumbe. Wateja wanaulizia fulana za kiboko, na anataka kujua itakuwa pesa ngapi. Tunakutana Jumamosi.

Na yule mtoto wa matatu? Tulishuka steji moja. Nilimwambia mamake begi ni zuri, naye akacheka, akasema mwanawe halali bila hilo begi kando ya mto. Sikumwambia kitu. Nilivuka barabara nikijua twiga nilimchora vizuri. Karatasi tu ndiyo haikuwepo.