Shaba ya Kilembe na Mwani wa Ziwa George (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia Kasese, magharibi mwa Uganda, penye malundo ya mabaki ya mgodi wa Kilembe, uliochimbwa tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki hayo yana salfidi ya chuma, shaba na kobalti. Yakinyeshewa hutoa tindikali, nayo huyeyusha metali na kuziteremsha hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth. Huko imeacha ukanda wa ardhi kame ukielekea Ziwa George. Leo tuingie majini.

Mkulima wa kahawa anaujua mrututu. Ni chumvi ya shaba, na tangu 1904 Wamarekani wamekuwa wakiipendekeza kuulia mwani kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Hata hivyo, bila shaba mwani hauishi: huihitaji kidogo mno ili usanisinuru uendelee. Ikizidi, shaba huweza kuing'oa magnesi iliyo katikati ya klorofili na kukalia nafasi yake, na seli ikaanza kufa njaa juani.

Asitarajie mtu kuona maji yamepoteza ukijani. Katika vijito vilivyochafuliwa kwa metali, aina nyingi za mwani wa diatomu hutoweka, nyingine huota magamba yaliyopinda, na spishi sugu kama Achnanthidium minutissimum hutamalaki. Jiwe la mtoni linaendelea kuteleza vilevile. Ndiyo maana siuamini upimaji unaohesabu klorofili peke yake: unasema mwani upo, hausemi ni upi.

Ziwa George ni la kina kifupi, wastani wa mita 2.4 hivi, na hujaa Microcystis, bakteria wa kijani-buluu ambao samaki wengi hushindwa kuwameng'enya. Sato anaweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Moriarty alionyesha kuwa tindikali ya tumbo lake hushuka hadi pH ya 1.4 hivi, ikazipasua seli hizo. Tindikali kali kiasi hicho huzifungua pia metali zilizonata kwenye kuta za seli. Shaba, kwa bahati, huishia zaidi kwenye ini kuliko kwenye minofu. Kwa hiyo anayepima minofu tu atakuta habari njema nusu.

Zebaki haina adabu hiyo, huenda moja kwa moja kwenye minofu. Tutaifuata juma lijalo.