Poka ya runinga: Unaonyeshwa ndovu, unafichwa usiku

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mwambie kijana yeyote wa Mweiga "tucheze poka" na atachanganya karata, agawe, na kabla chai haijapoa mmoja ashapigwa mbili, mwingine karukwa na J, na wa tatu anapiga kelele "niko kadi!" Hiyo ni poka yetu, na ni tamu. Lakini ile unayoiona kwenye runinga na YouTube, ya miwani myeusi na milima ya chipu (si zile za viazi), ni mnyama mwingine kabisa. Huko kila mtu anapewa karata mbili za siri, tano zinawekwa wazi katikati kidogo kidogo, na kila hatua unaamua: unaongeza pesa, unafuata, ama unatupa karata zako na kutulia.

Hilo la kutupa ndilo nataka tuongelee, kwa sababu hulioni.

Chukua shindano kubwa kuliko yote, World Series of Poker pale Las Vegas, Marekani. Kiingilio cha shindano lake kuu ni dola 10,000, yaani zaidi ya Sh1.2 milioni. Mwaka 2003 walijitokeza wachezaji 839. Waketishe tisa kila meza, unapata meza zaidi ya 90. Meza moja humaliza kama raundi 25 kwa saa. Kwa hivyo saa ya kwanza pekee, ukumbi ule ulikuwa na raundi zaidi ya 2,000. Shindano lenyewe lilichukua siku kadhaa. Kisha ESPN ikalibana lote kwenye vipindi vichache vya saa moja moja, na ndani ya hiyo saa kuna matangazo ya biashara. Piga hesabu mwenyewe ni ngapi zilizotupwa.

Na zilizotupwa ndizo mchezo wenyewe. Mchezaji makini hutupa karata zake mara saba au nane kati ya kumi. Anakaa saa kumi, anakunywa maji, anachunguza wenzake, anatupa. Anatupa tena. Hakuna mhariri atakayekuonyesha hiyo, na simlaumu, maana wewe mwenyewe ungebadilisha stesheni.

Sisi wa huku tuna mfano mlangoni. Wageni wa The Ark, ile hoteli iliyo ndani ya msitu wa Aberdare, huanzia safari yao hapa Mweiga, Aberdare Country Club, wakapandishwa basi. Usiku wanalala zao. Mnyama wa maana akifika pale kwenye maji na chumvi, kengele inalia vyumbani, wanakimbia na kamera. Mgeni anarudi kwao na picha za ndovu na faru, na anayeziona anaamini Aberdare wanyama wanapishana kama matatu za Nyeri. Aliyekesha kazini ndiye anayejua kuhusu ukungu, baridi ya kukata masikio, na saa nne za kutazama matope matupu. Runinga ni hiyo kengele.

Kuna ujanja wa pili, na huu ni wa kamera. Zamani poka kwenye TV ilikuwa kama kutazama watu wakisubiri daktari, kwa sababu hukujua nani ana nini. Henry Orenstein, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi na baadaye akatajirika Marekani kwa biashara ya wanasesere (ana mkono wake katika kuja kwa Transformers, ndiyo, zile zile), akasajili wazo la kamera ya kuonyesha karata za siri. Uingereza, kipindi cha Late Night Poker kikatumia meza yenye vioo kuanzia 1999.

Kuanzia hapo mtazamaji akawa mungu mdogo. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia mchezo wa mtandaoni wa chini ya dola 100, alibaki na Sammy Farha tu, mcheza kamari wa kulipwa. Katika raundi moja Moneymaker hakuwa na kitu, mfalme tu. Farha alikuwa na pea ya tisa. Moneymaker akasukuma chipu zote mezani, uso kama ukuta. Farha akafikiria, akatupa. Wewe kwenye kochi uliona karata zote nne, na asilimia zimeandikwa kwenye skrini, kwa hivyo ukasema, "Huyu naye, si angefuata tu!" Rahisi kusema. Farha alikuwa anaona mbili.

Moneymaker aliondoka na dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata wachezaji wakaruka hadi 2,576. Watangazaji unaowasikia wakishangaa kwenye vipindi hivyo? Walirekodi sauti baadaye, mshindi akijulikana.

Runinga ilifika mahali ikaanza kupanga hata kalenda. Kuanzia 2008 hadi 2016 walipobaki wachezaji tisa, mchezo ulisimamishwa Julai na fainali ikachezwa miezi kama minne baadaye, ili vipindi viwe vimeonyeshwa kwanza.

Sasa tazama namba ambazo hazipewi muziki. Mwaka 2023 waliingia 10,043. Waliolipwa chochote ni 1,507. Daniel Weinman alibeba dola milioni 12.1 na picha yake ikazunguka dunia. Wale wengine zaidi ya 8,500 waliacha kiingilio mezani wakaenda kutafuta chakula, na wengi wao hawakukaribia kamera hata siku moja.

Unaweza kuuliza Las Vegas inamhusu nini mtu wa Mweiga. Fungua WhatsApp status za wasee wako Jumatatu. Utaona mkeka ulioshinda, pesa imeingia, emoji za moto. Ile mikeka kumi na tisa ya kabla yake iko wapi? Imehaririwa. Hakuna ESPN hapo, ni jamaa yako tu na kidole chake, lakini kazi ni ile ile, na kuna mtu anaitazama huku akiwa ameshika karo.

Ukitaka kuona mchezo mzima, YouTube ina matangazo ya meza moja, saa sita hadi nane, karibu bila kukatwa. Chagua mchezaji mmoja, shika daftari, weka alama kila anapotupa karata. Tazama utafika dakika ya ngapi kabla ya kuanza kusogeza video mbele. Kizuizi ni bando. Omba WiFi ya rafiki, na umwambie mapema kwamba utakaa.